Kosa Halikuwa la Mpwa Wangu

Mpwa wangu hakuharibu sanduku la muziki la babu yake. Niliyeliharibu ni mimi, na kwa miaka kadhaa nimewaacha watu wetu wote wa Bulla Pesa, hapa Isiolo, waamini kuwa ni yeye. Alikuwa mtoto wa shule wakati huo. Mimi nilikuwa mtu mzima mwenye kazi na mshahara.

Baba alikuwa dereva wa lori la mifugo. Alipeleka ng'ombe Dagoretti enzi ambazo lami ilikomea hapa Isiolo, na kutoka hapa hadi Moyale ilikuwa vumbi na mawe matupu. Alipokuwa Nairobi akingoja mzigo wa kurudi nao, alikaa kwenye hoteli moja ya River Road iliyokuwa na jukiboksi. Unatia sarafu, unabonyeza herufi na nambari, mkono wa chuma unachomoa santuri na kuilaza. Huko ndiko alikousikia kwanza "Helule Helule" wa Daudi Kabaka, ambao kundi la Tremeloes la Uingereza liliuimba upya mwaka 1968. Mpaka leo ukimtajia hao Waingereza anakwambia wimbo ni wa Kabaka.

Jukiboksi hakuwa na uwezo wa kununua. Alinunua redio kaseti, akaanza kurekodi nyimbo za redioni, kisha harusi. Dereva mwenye lori haachwi nyuma kwenye harusi, maana ndiye anayebeba wageni, na Baba kila alikobeba wageni alikwenda na redio yake. Akarekodi akina mama wa Kiborana wakiimba usiku kucha, akarekodi Wasomali wa hapa mjini, akarekodi ngoma za Waturkana. Nyimbo hizo hazikupata kuingia studio. "Helule Helule" ukiutaka leo, unaweza kwenda duka la Melodica pale Tom Mboya Street, Nairobi, ukaulizia santuri yake. Lakini sauti za akina mama waliomwimbia bibi harusi kule Garba Tulla hazikuwa na duka. Zilikuwa kwenye boksi chini ya kitanda cha Baba, basi.

Wazo la kumjengea Babu jukiboksi yake lilikuwa la mpwa wangu. Shuleni alikuwa amefundishwa kutumia Raspberry Pi, kompyuta ndogo inayotosha kiganjani. Nilitoa pesa, yeye akatoa akili na mikono. Tulinunua plaiwudi na mbao za saiprasi kutoka Meru, tukatoa spika kwenye matatu kuukuu, na likizo nzima ua wetu ulinuka gundi na vanishi. Yeye ndiye aliyepiga msasa hadi pembe zikawa laini. Yeye ndiye aliyelehemu vitufe, kila kimoja waya mmoja kwenye pini yake na mwingine ardhini, ili ukibonyeza wimbo uitike.

Kazi kubwa ilikuwa kaseti. Kaseti haina haraka: ya saa moja itakula saa moja, na ukanda ukinasa unaanza upya. Baba aliketi kando, sauti ikianza tu anataja harusi ya nani, mtaa gani, mwaka gani, nani amekufa kati ya wanaoimba. Kijana akaandika yote hayo kama majina ya mafaili. Sijawahi kumwona baba yangu akizungumza na mjukuu kwa muda mrefu hivyo.

Sasa niseme nilichofanya.

Kijana aliniambia, "Mjomba, tununue kadi ya pili tuweke nakala. Na hii mashine haitaki kukatiwa stima ghafla. Tuiwekee betri na kitufe cha kuizimia." Alinieleza vizuri: kompyuta ikikatika ikiwa inaandika kwenye kadi, orodha inayoonyesha kila faili limekaa wapi inaweza kuvurugika, na kadi nzima isisomeke. Mtu yeyote anayeishi Isiolo anajua stima yetu na upepo. Nilimwambia tutanunua baadaye. Pesa iliyokuwepo nilinunulia taa za rangi, kwa sababu nilitaka wageni wakiingia waulize ni nani aliyejenga. Na kaseti, kwa kuwa "zimeshaingia ndani", nilizitoa pamoja na takataka. Baba alisita, nikamwambia hazina kazi tena.

Siku ya Idi nyumba ilijaa. Asubuhi kijana alikuwa amefungua mlango wa nyuma kukaza waya wa spika, na watu walimwona. Jioni mimi nikawa naingiza nyimbo mpya kutoka kwenye flashi, bila kumwambia mtu. Stima ikapotea katikati. Iliporudi, taa zangu ziliwaka na sanduku halikutoa sauti.

Baba akauliza nani aliyeligusa. Shangazi mmoja akasema mtoto alilifungua asubuhi. Nilikuwa najua, na nikasema, "Watoto hawa." Kijana aliniangalia, hakujitetea.

Usiku walipolala nilichomoa kadi nikaitia kwenye kompyuta yangu. Ikaniuliza kama niifomati. Nikakubali, nikaweka mfumo mpya na nyimbo nilizozitoa kwenye intaneti, ili asubuhi pawe na sauti na maswali yaishe. Asubuhi Les Wanyika waliimba. Baba akaomba harusi ya Garba Tulla.

Tangu hapo kijana hakugusa tena kitu changu. Alipokuja likizo alikaa kwa mama yake. Mambo ya umeme aliyapenda bado, na sasa anayasomea Nairobi, bila msaada wangu hata wa ushauri.

Mwezi huu nilimwambia Baba. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mimi umeniambia. Yeye je?" Nikampigia kijana, nikamwomba radhi, nikamwambia nimeshasema kwa babu yake na nitasema kwa shangazi wote. Alinyamaza, kisha akauliza, "Ile kadi ipo?"

Nikamweleza nilivyoifomati. Akasema kufomati mara nyingi hufuta orodha tu; sauti hubaki mahali pake hadi kitu kingine kiandikwe juu yake. Mfumo wangu na nyimbo zangu zimekanyaga sehemu, lakini kadi ilikuwa kubwa. Angeipata usiku uleule kabla sijaifomati, alisema, angeokoa karibu zote. Hilo alilisema bila hasira, na ndilo lililoniuma kuliko yote.

Kadi nimeituma kwa basi. Atakachookoa kitakuja bila majina, kwa hiyo Desemba atarudi nyumbani, na Baba itabidi asikilize tena moja baada ya nyingine aseme ni harusi ya nani. Betri na kadi ya pili nimeshanunua.