Ampli iliyovuka mto yalia tena Basoko

BASOKO – Siku familia ile iliposhuka kwenye mashua ya mbao kutoka Kisangani, mama alikuwa na sufuria, binti ana furushi la nguo, na kijana amekumbatia ampli ya marehemu baba yake. Walitoka Lubunga, walikokimbia mapigano yaliyoanza mwaka 2023. Watu bandarini walicheka. Mtu anaacha godoro, anabeba sanduku zito kama mtoto wa miaka mitano!

Ni ampli ya lampi. Mwaka 1953, Mbelgiji Bill Alexandre alipofika Léopoldville na gitaa la umeme, ampli zilikuwa za namna hiyo. Za transista zilikuja baadaye. Wapiga gitaa bado wanazitafuta, kwa sababu ukiongeza sauti inakwaruza pole pole, haikatiki kwa ghafula.

Kwa kijana huyo ilikuwa pia chakula. Alialikwa kupiga kwenye matanga, wakamwashia grupu. Ampli ikanguruma, ikatoa harufu ya kuungua, fyuzi ikakatika. Mmoja wa waliokuwepo akaleta karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara: funga hapo, tuendelee. Kijana akakataa. Wakampigia kelele, na pesa ya siku ile ikapotea.

Kesho yake alikwenda kwa fundi wa redio.

"Papa, nilikosa?"

"Hapana, mwanangu. Ungefunga karatasi ile, transfo ingekufa. Tungeitoa wapi?"

Fundi hakufungua haraka. Ndani ya ampli hizi kuna volti mia tatu, mia nne, na kapasita kubwa zinaweza kushika umeme hata baada ya kuchomoa waya. Aliziondolea umeme kwanza kwa rezistansi yenye mshiko wa plastiki, akahakikisha kwa mita kuwa zimebaki sifuri. Hapo ndipo alipogusa. (Wanaotumia bisibisi kupiga cheche, kama wengi wafanyavyo, wana bahati tu.)

Alitoa lampi mbili kubwa, EL34, akawasha tena na kupima, mkono mmoja mfukoni ili umeme usipite kifuani. Lampi hizo zinahitaji volti hasi kwenye gridi, ndiyo breki yao. Upande mmoja mita ilisoma hasi 36. Upande wa pili, hasi 8 tu. Kapasita ndogo inayopeleka sauti kwenye lampi ile ilikuwa inavuja, breki imelegea, lampi imekunywa umeme mpaka bamba lake la ndani likawa jekundu. Fyuzi ilikuwa imekatika kwa haki.

Kapasita nyingine ilipatikana ndani ya televisheni iliyokufa, ya volti 630, inatosha. Fundi aliwahi kuona wengine wakitoa za redio za mwaka 1960; zile za karatasi zinavuja zenyewe. Baada ya kulehemu, pande zote mbili zikasoma hasi 36. Lampi iliyoungua ilipona, ingawa sauti yake imepungua kidogo. Mpya zinatengenezwa China, Urusi na Slovakia, na bei yake kijana hana kwa sasa.

Kabla ya kuwasha, fundi alimwuliza kama ameunganisha bafle. Hakuwa ameunganisha. Akagombezwa kweli kweli: ampli ya lampi ikipigwa bila bafle, transfo ya kutolea sauti inaweza kuungua, na bafle yenyewe lazima iwe na omu zilizoandikwa nyuma. Pia asiwashe grupu wakati ampli iko wazi. Aache grupu itulie kwanza.

Jumamosi alipiga matanga mengine, mpaka alfajiri. Mawingu ya mvua yalipokusanyika watu walikimbilia barazani. Yeye alibaki ameketi, akingoja lampi zipoe, kisha akazitoa moja moja na kuzifunga katika kitenge cha mama yake.