Shahidi wa Elfu Kumi

Leo tuongee kuhusu kamera za gari, zile za kubandika kwa kioo cha mbele. Kila nikipita Luthuli naona watu wakizinunua vile mtu hununua kava ya simu: hii iko na rangi poa, hii imeandikwa 4K, funga twende. Halafu siku ya siku ikihitajika kutoa ushahidi, inatoa ukungu.

Msimamo wangu ni huu: kwa barabara zetu, kamera ya gari lazima ionyeshe namba pleti na ionyeshe nani alimwingilia nani. Mengine yote ni ya ziada. Ikishindwa na hayo mawili umejinunulia urembo.

Mimi gari sina. Mwenye hii stori ni bro wangu mkubwa, dere wa teksi za apu, anaendesha Demio ya mtu na kumlipa kila wiki. Mwaka jana, asubuhi, Jogoo Road, matatu ilitoka kwa foleni ikapita kushoto kwenye vumbi, halafu ikarudi ndani kwa nguvu. Ikang'oa kioo cha pembeni na kukwaruza milango miwili. Kabla bro hajashuka, boda kama saba zilikuwa zimefika na kesi ishaanza. Makanga ana sauti, bro hana. "Huyu ndiye ametuingilia!" Abiria walikuwa wanachelewa kazi, wakapanda gari ingine wakaenda zao. Mashahidi waliobaki ni watu waliofika baada ya kishindo. Ikaisha bro akitoa pesa ya kuelewana hapo hapo, na jioni akaanza kumlipa mwenye gari milango. Wiki mbili alifanya kazi bila kuleta kitu kejani. Mathee akiuliza pesa ya gesi, bro anaangalia simu.

Ndiyo maana nikisikia mtu anasema kamera ni ya matajiri wa V8, naona hajui kitu. Mwenye V8 ana wakili. Anayehitaji shahidi ni dere wa Demio ya kukodi.

Tulienda kununua na elfu kumi. Kila duka kulikuwa na 4K ya bei ya kuchekesha. Sasa hesabu ni rahisi: picha ya 4K ya ukweli inahitaji sensa yenye pikseli milioni 8 na kidogo. Picha ya 1080p inahitaji milioni 2 tu. Kamera nyingi za bei ya chini ziko na sensa ndogo, halafu programu inaivuta picha mpaka ifike saizi ya 4K. Ni kuongeza maji kwa chai: kikombe kinajaa lakini majani ni yale yale. Kwa hivyo uliza jina la sensa. Kama zile za Sony STARVIS, ambazo zimetengenezwa kuona kwenye giza, muuzaji atalitaja haraka kwa sababu linamsaidia kuuza. Akianza kukuonyesha tu maandishi ya kwa boksi, songa.

Bro alifanya kitu kimoja cha maana sana. Alimwambia muuzaji, "Boss, weka kadi, turekodi hapa nje." Ilikuwa saa moja jioni, magari yashawasha taa. Tukajaribu mbili. Ile ya 4K ya kuvutwa ilifanya kila namba pleti iwe kipande cha sabuni kinachong'aa. Ile ingine, ya 2K lakini sensa nzuri, ilisoma pleti za gari la mbele na hata la pili yake. Tulisimamisha video na kusoma herufi moja moja. Muuzaji mwenyewe akanyamaza. Angalia pia upana wa lenzi: wakikuambia inaona digrii 170, jua kila kitu kimesukumwa mbali, na pleti imekuwa ndogo. Digrii 130 au 140 zinatosha.

Kitu cha pili ni joto. Gari likiachwa juani limefungwa, kioo cha mbele ni jiko. Kamera nyingi za bei rahisi ziko na betri ndogo ya lithiamu ndani, na betri ya aina hiyo ikipikwa kila siku huvimba na kufa. Tafuta yenye kapasita. Kapasita haikai na moto mwingi, inashikilia sekunde chache tu za kumalizia faili umeme ukikatika, lakini inavumilia joto. Watu wa Mombasa, kwenu hili si la kujadiliana.

Halafu kadi. Hapa ndipo watu hufa. Unanunua kamera ya elfu nane halafu unaweka memori kadi ya mia tatu ya kando ya barabara. Kamera ya gari huandika juu ya kadi mchana kutwa, ikijaa inafuta ya zamani na kuandika upya, na kadi ya kawaida haikutengenezewa mateso hayo. Kuna kadi za kazi hiyo, zimeandikwa "Endurance", ndizo za kununua. Na piga hesabu ya saizi. Kamera ikirekodi kwa megabiti 15 kwa sekunde inakula karibu GB 7 kwa saa, kwa hivyo kadi ya GB 64 inabeba masaa tisa. Bro huendesha masaa kumi na mbili. Maana yake, mteja akipiga simu usiku kulalamika kuhusu kitu cha asubuhi, asubuhi ishafutwa. Tukachukua GB 128.

Na hata ukiwa na kadi nzuri, iangalie. Bro ana tabia ya kucheza video moja kila Jumapili usiku. Kuna Jumapili aligundua kadi ilikataa kuandika tangu Alhamisi. Taa ya kamera ilikuwa inawaka vizuri tu, kila kitu kinaonekana sawa. Akaifomati, ikarudi kazini.

Kama gari lako limetoka Japan, na mengi yetu yanatoka huko yakiwa chini ya miaka 8, unaweza kulipata na kamera ya mwenye wa kwanza bado iko kwa kioo. Poa, itumie kama inafanya. Lakini angalia saa! Japan iko mbele yetu kwa masaa sita. Ajali ya saa mbili asubuhi itasoma saa nane mchana, na wakili wa upande ule mwingine ataifurahia sana hiyo. Menyu ikiwa ya Kijapani, elekeza simu na apu ya kutafsiri, utapata mahali pa saa.

Kubandika ndiko mafundi wengi huharibu. Sisi dereva yuko kulia, kwa hivyo kamera inakaa nyuma ya kioo cha kati, upande wa abiria, ili isimzibe dere. Hakikisha ni mahali waipa zinapangusa, ama mvua ya Aprili itakufanya uwe na video ya matone. Na kama gari lako lina ule utepe mweusi juu umeandikwa baraka za mababu, kamera ishuke chini yake. Usitumie ile ya kunyonya kioo kwa mpira. Matuta ya Eastlands yataiangusha wiki ya kwanza. Tumia ya gundi. Pangusa kioo na spiriti ya kemisti, kikauke, kandamiza kwa nguvu, acha siku nzima kabla ya kuning'iniza kamera.

Waya upite ndani ya ukingo wa paa, ushuke kwa nguzo ya pembeni. Kama hapo kuna eabegi, waya upite nyuma yake, usipite juu. Eabegi ikifunguka na waya uko mbele, huo waya unarushwa usoni mwa mtu. Fundi akikuambia "hiyo haina shida", tafuta fundi mwingine.

Umeme wa soketi ya laita unatosha kama unataka kurekodi ukiendesha tu. Ukitaka ichunge gari likiwa limepaki, itabidi kuunganisha kwa boksi la fyuzi, na kifaa cha kukata umeme betri ikishuka hadi kama volti 12. Bila hicho, utaamka gari haliwaki. Fundi wa kwanza alitaka kukata waya wa redio na kuviringisha na tepu nyeusi. Bro akachukua funguo zake. Kuna viunganishi vya kuchomeka kwa fyuzi, havikati kitu.

Kuna jambo bro aliniuliza tukirudi na sikuwa na jibu rahisi. "Na nikikosea mimi?" Kamera yenye GPS inaandika spidi yako kwa video, na mjini ni 50. Nilimwambia unaweza kuizima. Akafikiria, akaiacha iwake. Anasema tangu hapo anaendesha kama mtu aliye na mathee nyuma.

Video yenyewe nayo ina adabu yake. Ajali ikitokea, toa kadi, iweke mbali, usikate, usiongeze muziki. Sheria yetu ya Ushahidi inakubali rekodi za kielektroniki, lakini inataka cheti kinachoeleza zilitolewa vipi na kwa kifaa gani, kwa hivyo faili asili ndiyo mali. Ukituma kwa WhatsApp kama video ya kawaida inabanwa na pleti inapotea. Itume kama dokumenti.

Na kwa ma-creator wenzangu. Najua clip ya matatu ikiruka juu ya ukingo ingepata watazamaji wengi kuliko posti zangu zote za mwezi. Bro ananinyima, na ana haki. Kuna nyuso humo, kuna mama na mtoto wakivuka, na tangu 2019 tuna Sheria ya Kulinda Data. Kamera ya kuangalia ndani ya teksi ndiyo nzito zaidi: abiria analia kwa simu, anagombana na bae, hajui anarekodiwa. Bro aliiacha dukani. Kwa ile ya mbele amezima maikrofoni, na kwa mlango wa nyuma kuna kibandiko kinachosema gari lina kamera.

Sasa anawekea ya nyuma mia mbili kila siku. Anasema boda zikigonga hugonga nyuma.