Kuhesabu tena si kumtukana mtu



Kura 684,281. Hiyo ndiyo tofauti kati ya Félix Tshisekedi na Martin Fayulu, kufuatana na matokeo ambayo CENI ilitangaza usiku wa tarehe 10 mwezi wa kwanza 2019: kura 7,051,013 kwa wa kwanza, kura 6,366,732 kwa wa pili. Fanyeni ile kutoa ninyi wenyewe kwenye karatasi, mtaona inatoka sawa. Kisha wekeni kando yake hesabu nyingine. Sisi wapiga kura wa mji wa Beni, wa mji wa Butembo, wa teritwari ya Beni yenye Kasindi ndani yake, pamoja na wenzetu wa Yumbi kule Mai-Ndombe, tulikuwa zaidi ya milioni moja kwenye liste. Hakuna kura yetu hata moja iliyoingia katika hesabu ile.

Hatuandiki hapa kusema kwamba kura zetu zingemsimamisha huyu ao yule. Hakuna anayeweza kulijua jambo hilo, na gazeti hili la wamama halina chama cha siasa. Lakini kila anayefundisha hesabu anajua kwamba kitu kilichobaki nje kikiwa kikubwa kuliko tofauti, jibu bado halijafungwa.

Wengi wenu mnakumbuka namna tulivyopata habari. Ilikuwa tarehe 26 mwezi wa kumi na mbili 2018, siku moja nyuma ya Noeli, siku nne tu mbele ya uchaguzi. Karte zilikuwa tayari, tena wengine walikuwa wamekwisha kuzitafutia mfuko wa plastiki ili zisilowane na mvua. CENI ikasema Beni na Butembo watachagua mwezi wa tatu, sababu ya Ebola na usalama mdogo. Rais yeye aliapishwa tarehe 24 mwezi wa kwanza. Kwa hiyo tarehe 31 mwezi wa tatu 2019, tulipoitwa, tulichagua wabunge wa taifa na wa jimbo peke yake.

Kilichotuchoma si ugonjwa, maana ugonjwa ulikuwapo kweli. Ulitangazwa tarehe 1 mwezi wa nane 2018 kule Mangina, na tulizika watu. Kilichotuchoma ni kwamba soko lilikuwa wazi, kanisa lilikuwa wazi, masomo yalikuwa wazi, na hapa Lubiriha watu walikuwa wanavuka kwenda Mpondwe kila siku: unanawa mikono, unapimwa joto kwenye paji la uso, unaendelea na njia yako. Tukajiuliza: mikono iliyonawa inayoweza kushika nyanya za watu sokoni, kwa nini isiweze kushika karatasi ya kura?

Kule Beni hawakuishia kujiuliza. Tarehe 30 mwezi wa kumi na mbili, siku nchi nyingine ilipokuwa inachagua, watu wa Beni walipanga uchaguzi wao wenyewe. Walipiga mstari, wakanawa mikono mmoja mmoja, wakapiga kura kwenye makaratasi waliyoyatengeneza wao, kisha wakahesabu mbele ya wote. Ile kura haikuwa na nguvu yoyote mbele ya sheria, na wao walijua. Kwa maoni yetu, hilo ni moja la mambo ya heshima kuu yaliyofanyika katika nchi yetu miaka hiyo, na ni huzuni kwamba watoto hawalisomi popote.

Lakini hatukufanya vyote kwa heshima. Tarehe 27, siku moja baada ya tangazo, vijana wenye hasira waliingia kwa nguvu katika kituo kimoja cha Beni ambamo watu walioshukiwa Ebola walikuwa wanangojea majibu. Wagonjwa wakakimbia. Tangu pale ile maneno ya kwamba Ebola ni ya siasa, kwamba imeletwa ili tusichague, ikapata miguu. Sisi tulioingia nyumba kwa nyumba kuita watoto warudi masomoni tuliisikia kila pahali. Mama anakataa chanjo, na ukimuuliza sababu hakuambii juu ya sindano, anakuambia juu ya kura. Mwezi wa pili 2019 vituo vya matunzo vya Katwa na vya Butembo vilishambuliwa. Mwezi wa nne, daktari Richard Mouzoko kutoka Kameruni, aliyekuja kutusaidia, aliuawa kwa risasi ndani ya hospitali huko Butembo. Mwezi wa sita, mtoto wa miaka 5 alivuka na jamaa yake kutoka huku kwetu, akafia Bwera ng'ambo. Ebola ile ilipotangazwa kwisha, tarehe 25 mwezi wa sita 2020, ilikuwa imeua watu 2,287.

Hatusemi kwamba vyote vilitoka kwenye kura. Kutokuamini kulikuwapo zamani. Watu wanaouawa Beni tangu 2014 bila kujua nani anawalinda hawawezi kuamini kila gari nyeupe inayokuja na dawa. Lakini yule anayefikiri kwamba hesabu ya kura ni mambo ya wakubwa wa Kinshasa, aangalie tena ile njia yote kutoka tangazo la tarehe 26 mpaka kwenye mlango wa mama aliyekataa chanjo.

Sasa tufike kwenye kuhesabu tena. Tarehe 12 mwezi wa kwanza, Fayulu alikwenda Mahakama ya Katiba kuomba kura zihesabiwe upya kwa mikono. Yeye alisema alipata 61 kwa mia. Baraza la maaskofu, CENCO, lililokuwa limetuma watazamaji karibu 40,000 katika nchi, lilikuwa limekwisha kusema kwamba matokeo ya CENI hayalingani na yale watazamaji wake waliyoyakusanya, bila kutaja jina la mshindi. Mkubwa wa CENI, Corneille Nangaa, aliambia Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa kwamba kuna njia mbili tu: kupokea matokeo ao kufuta uchaguzi wote. Nchi za SADC, kwa sauti ya rais wa Zambia, ziliomba kuhesabu tena, kisha zikanyamaza. Umoja wa Afrika nao uliomba matokeo ya mwisho yangojee. Usiku wa kuamkia tarehe 20 Mahakama ilikataa ombi la Fayulu: ilisema hakuleta ushahidi.

Kulikuwa na wamama kati yetu waliofurahi ile kesi kwisha. Walisema: kwa mara ya kwanza rais mmoja anatoka na mwingine anaingia bila bunduki, tusikoroge maji. Hatuwacheki. Aliyekwisha kukimbia usiku na mtoto mgongoni ana haki ya kuchagua utulivu. Wengine walisema: utulivu uliowekwa juu ya hesabu isiyoonyeshwa ni kama nyumba iliyopakwa chokaa juu ya mchwa. Sisi tuko upande wa hawa wa pili, na tutaeleza sababu kwa mfano mlio nao mkononi.

Mnalijua sanduku la AVEC. Lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa wamama watatu wasiokaa nyumba moja. Franka zinahesabiwa mbele ya wote, kwa sauti, na jumla inatajwa mbele ya sanduku kufungwa. Mkutano ufuatao, mbele ya kuongeza hata franka mia, tunahesabu tena zile zilizokuwamo. Kila juma tunahesabu tena! Na hakuna mama hata mmoja aliyewahi kusema: mnanihesabia tena kwa sababu mnaniona mwizi. Lakini kikundi kimoja cha hapa kwetu, kilipochagua mwekahazina na tofauti ikawa kura mbili tu, mama aliyeomba makaratasi yapitiwe tena aliambiwa kwamba analeta matata na kwamba anamwonea mwenzake wivu. Walibishana saa nzima. Kuhesabu kwenyewe, walipokubali, kulichukua dakika kumi. Yule aliyetangazwa alibaki mshindi, na tofauti ikawa tatu pahali pa mbili. Mwenye kufaidika kuliko wote alikuwa yeye mshindi, maana tangu siku ile hakuna anayemsemea nyuma ya mgongo.

Walimu wengi wameitwa kufanya kazi katika biro za uchaguzi, maana biro yenyewe mara nyingi ni darasa letu. Kwa hiyo tunajua kwamba kura inahesabiwa pale pale, si Kinshasa. Ile mashine ya kuchagua, ambayo watu waliicheka kwa kuiita mashine ya kuiba, inatoa karatasi, na karatasi inaingia katika sanduku. Jioni sanduku linafunguliwa. Mwenyekiti wa biro anainua karatasi moja moja, anaionyesha, anasoma jina kwa sauti, na karani anaandika vijiti. Kisha hesabu inaandikwa kwenye PV, wafanyakazi na washahidi wanatia sahihi, washahidi wanapewa nakala, na matokeo yanabandikwa nje ili kila mpita njia ayasome. Tarehe 31 mwezi wa tatu 2019, katika darasa moja kwa mwangaza wa taa ya betri, shahidi mmoja, mama wa makamo, aliomba fungu moja lihesabiwe tena. Lilihesabiwa, idadi ikawa ile ile, akatia sahihi, akaikunja nakala yake na kuifunga ndani ya kitambaa cha kichwa. Tulimpenda sana yule mama.

Matata yanaingia kati ya ule mlango na Kinshasa, makaratasi yanapokwenda kukusanywa na kujumlishwa. Hapo macho ya watu ni machache. Mtu akiuliza kule juu, anajibiwa: leta ushahidi. Na ushahidi ni zile PV, na PV zilibaki kwa washahidi ambao vyama havikuwapa hata mkate, wakarudi nyumbani saa mbili za usiku kabla ya hesabu kwisha. Kwa rais, sheria inatoa siku mbili tu za kuleta kesi na siku saba za kuikata. Nchi yetu na barabara tunazozijua, siku mbili!

Kwa wabunge, kesi zinakwenda kwa mahakama kwa muda mrefu zaidi, lakini pia si laini. Mwezi wa sita 2019 Mahakama ya Katiba iliwatoa wabunge wa taifa zaidi ya 20 waliokuwa wamekwisha kukaa bungeni; mwezi wa saba ikawarudishia baadhi yao viti. Yule ambaye karatasi zake zilihesabiwa katika darasa letu anaweza kuingia, kutoka na kuingia tena, bila sisi kuonyeshwa hata PV moja. Na uchaguzi wa tarehe 20 mwezi wa kumi na mbili 2023, CENI yenyewe ilifuta kura za wagombea 82 kwa ajili ya udanganyifu, na ikafuta uchaguzi wote wa wabunge pale Masimanimba na Yakoma. (Juu ya wabunge wa jimbo hatusemi mengi: tangu tuwekwe chini ya utawala wa kijeshi mwezi wa tano 2021, bunge la jimbo letu halina kazi ya kufanya.)

Angalieni wenzetu wa Kenya, kule zinakotoka lori zinazopanga mstari hapa mpakani. Mwaka 2017 Mahakama yao ya Juu ilifuta uchaguzi wa rais. Mwaka 2022 William Ruto alimpita Raila Odinga kwa kura 233,211 tu. Fomu za vituo zaidi ya 46,000 ziliwekwa kwenye intaneti, kila mtu mwenye simu akaweza kujumlisha mwenyewe. Raila alikwenda mahakamani, na mahakama ikaamuru masanduku ya vituo 15 yafunguliwe na kuhesabiwa tena. Tarehe 5 mwezi wa tisa ilithibitisha Ruto. Raila hakufurahi, na wafuasi wake hawakufurahi. Lakini waliona masanduku yakifunguliwa. Vituo 15 si kitu kikubwa. Sisi hatukupewa hata kimoja.

Kwa hiyo tunaomba wamama wa vikundi vyote kufanya jambo moja mbele ya uchaguzi ujao, na lisingoje mwaka wenyewe. Vyama vitatafuta washahidi. Tuwape wanawake, tena wale wanaohesabu sanduku la AVEC, maana wamezoea kukaa mpaka franka ya mwisho. Kikundi chenyewe kiwapelekee chakula na taa, kisingoje chama. Na kila anayepita asubuhi mbele ya darasa apige picha ya karatasi iliyobandikwa mlangoni, hata kama aliyemchagua ameshindwa, na hasa kama ameshinda.

Mama ambaye angali na picha ya PV ya 2019 ao ya 2023 katika simu yake, ama nakala yenyewe ndani ya kabati, ailete kwenye mkutano wa siku ya posho. Tutaichora ubaoni, tujifunze kuisoma: wapi wanaandika idadi ya waliochagua, wapi kura zilizoharibika, wapi sahihi. Anayejua kujumlisha aje na asiyejua aje. Chaki tutaleta sisi.