Ufa wa Suswa na Nyumba ya Mama

Nimepotea kidogo. Baridi ya huku Uingereza na zamu za usiku vinachosha.

Leo tuongee kuhusu ardhi. Machi 2018, baada ya mvua kubwa, ufa ulitokea karibu na Suswa ukakata barabara ya Maai Mahiu kwenda Narok. Kazini kila mtu aliniuliza: "Kumbe Afrika inapasuka?" Nyumbani swali lilikuwa zito zaidi. Mama anaishi Maai Mahiu, si mbali na milima ya Longonot na Suswa, na sisi watoto tulikuwa tunachanga tumjengee nyumba ya mawe. Kaka yetu mkubwa akasema tusimamishe, kiwanja kiuzwe. Mama akakataa kuhama.

Nikaanza kusoma. Wanajiolojia wengi walieleza kwamba mvua ilisomba majivu laini ya volkano yaliyojaza nyufa za zamani. Bonde la Ufa linapanuka kweli, ila kwa milimita chache tu kwa mwaka.

Ardhi inapimwaje hivyo kutoka angani? Setilaiti ya rada hutuma mawimbi ardhini, usiku na mchana, hata kukiwa na mawingu, kisha hupokea yanayorudi. Ikipita tena mahali pale pale, mawimbi ya mara zote mbili hulinganishwa. Ardhi ikiwa imepanda au imeshuka, tofauti huonekana. Lakini picha mbili hazitoshi, maana hata unyevu wa hewani huchelewesha mawimbi na kukudanganya. Inabidi kuunganisha picha nyingi za miaka mingi, ndipo mwendo wa kweli ujitenge na makosa ya siku moja moja.

Hivyo ndivyo watafiti walivyochunguza volkano za Kenya za miaka ya 1997 hadi 2008. Suswa na Menengai zilishuka sentimita 2 hadi 5 kati ya 1997 na 2000. Longonot ikapanda karibu sentimita 9 kati ya 2004 na 2006. Paka ikapanda kama sentimita 21 kwa miezi 9 tu, 2006 hadi 2007. Hakuna hata moja iliyolipuka. Jamani, mlima tuliodhani umekufa ulikuwa unapumua!

Nikawaambia ndugu zangu: mlima unaweza kupanda ukatulia, ingawa hakuna anayetuahidi kwamba utatulia daima. Hatari ya karibu kwetu ni maji. Tukahamishia msingi mbali na korongo. Kaka alikubali shingo upande. Leo mama yumo ndani ya nyumba yake.

Tangu 2014 setilaiti za Sentinel-1 zimekuwa zikikusanya vipimo hivi, na vinatolewa bure. Linaloniuma ni kwamba picha ya ufa ilifika kwenye kila simu kijijini, lakini zile sentimita 9 za Longonot mama alizisikia kwangu, mimi niliye mbali.

Wewe uliye Naivasha au Nakuru, nani amewahi kukueleza habari za mlima wako? Niandikie.