Uvimbe wa Popi na swali la mtoto

Kwa wiki tatu, mvulana wa miaka 10 huko Mbamba Bay alimficha mbwa wake. Popi alikuwa na uvimbe sehemu za siri, unaodondosha damu, na mtoto alishamsikia baba akisema mbwa akiugua hivyo dawa yake ni rungu.

Mama aligundua alipokuta matone ya damu karibu na usipa walioanikwa. Hakugomba. Jumamosi wakapanda na Popi nyuma ya pikapu ya wauza usipa hadi Mbinga, kwa daktari wa mifugo.

Walipofika, mtoto akatoa simu ya mama na kuonyesha video: mbwa kalala fofofo, uvimbe wake umechomekwa sindano zenye waya za umeme.

"Shikamoo Daktari. Popi naye apigwe shoti kama huyu?"

Daktari akacheka, lakini akamjibu vizuri. Kazi ya umeme huo ni kuisaidia dawa, alisema. Mbwa hupewa usingizi, kisha hudungwa dawa ya saratani, mara nyingi bleomisini. Ni dawa kali, ila hupenya ndani ya seli kwa shida, kama mgeni anayepiga hodi mlango umefungwa. Ndipo hupitishwa mapigo ya umeme, kwa kawaida manane, kila moja fupi mno kuliko kupepesa jicho. Utando wa seli hufunguka kwa dakika chache, dawa inaingia, kisha unajifunga. Watafiti wa Ufaransa walichapisha majaribio ya kwanza kwa binadamu mwaka 1991, na leo njia hiyo hutumika kwa watu pia, hasa wenye uvimbe wa ngozi.

"Mashine hiyo mimi sina," akasema. Alichukua chembe za uvimbe akazitazama kwenye hadubini. "Lakini huu ni ule unaoambukizana mbwa kwa mbwa wanapopandana. Mara nyingi husikia dawa ya vinkristini peke yake. Umeme husaidia zaidi pale dawa inaposhindwa."

Ingekuwa sindano moja kila wiki, kwa wiki nne hadi sita. Uvimbe huo hauambukizi watu, lakini siku chache baada ya kila sindano mtoto asiguse mkojo wala kinyesi cha Popi, na anayesafisha avae glavu.

Njiani kurudi, mtoto akauliza: "Mama, bibi si alikuwa na uvimbe? Mbona yeye hakudungwa?"

Mama alinyamaza kwa kona kadhaa. Mtoto alikuwa ameambiwa bibi alikufa kwa uzee. Kumbe bibi alikaa na uvimbe wa titi zaidi ya mwaka, akiufunika kwa khanga. Alipofikishwa hospitali, muda ulikuwa umekwisha.

"Bibi aliuficha, mwanangu. Na sisi tukakuficha wewe."

"Naye aliogopa rungu?"

"Aliogopa maneno ya watu."

Uvimbe ulianza kunywea baada ya sindano ya pili. Baba, yule wa rungu, ndiye aliyetoa nauli ya sindano ya nne. Siku ya sindano ya mwisho, mama alipitia hospitali kupimwa matiti, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Mtoto alimsubiri nje, Popi kalala miguuni pake.