Theluji Inapofuta Ramani

Watu wakisikia kwamba nafundisha mbio za ramani na dira huku Uswidi, swali la kwanza huwa la baridi: mnakimbiaje kwenye hali ile? Baridi si neno. Dawa yake ni nguo nyepesi za tabaka mbili tatu, kofia, glovu, na kutosimama ovyo. Kinachotutesa ni kitu ambacho aliye nje ya mchezo hakioni, na wengi waliomo hawataki kukitazama. Kuanzia Desemba hadi Machi miguu ya vijana inazidi kupata nguvu, huku uwezo wao wa kusoma ramani ukififia wiki hadi wiki.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe: unapewa ramani yenye skeli ya 1:10 000 au 1:15 000, imechorwa vituo kwa wino wa zambarau. Unavifuata kwa mpangilio wake, lakini njia ya kutoka kimoja hadi kingine unaichagua mwenyewe. Kwenye kituo kuna kibendera cha rangi ya machungwa na nyeupe, sentimita 30 kila upande. Anayeshinda ni yule anayeweza kusoma huku anakimbia. Mwaka 1919 Ernst Killander aliandaa mashindano makubwa katika misitu ya Nacka, karibu na Stockholm, na tangu hapo mchezo umekuwa wa kila rika. Nami kazi yangu iko kwenye misitu ya namna hiyo: mawe, magenge mafupi, vinamasi na maziwa.

Nitaeleza wiki moja ya Januari jinsi inavyokwenda.

Jumatatu tunakuwa ndani, kwenye ukumbi wa shule. Vifundo vya miguu, mapaja, mgongo, kusimama kwa mguu mmoja macho yamefumbwa. Hapo sina lalamiko. Kifundo kilicholegea hakivuki msitu wa mawe.

Jumanne ni siku ya kasi, na hapo shida inaanza. Njia za msituni zenye taa, ambazo wakati wa vuli zilikuwa zetu, sasa ni za watu wa ski. Mashine imezilaza na kuchora mifereji miwili, na mkimbiaji haruhusiwi kuikanyaga. Tunabaki na barabara. Manispaa inasukuma theluji pembeni na kumwaga kokoto, lakini chini ya kokoto kuna maji yaliyoyeyuka mchana yakaganda tena jioni. Tunavaa viatu vyenye njumu ndogo za chuma. Kwenye barafu vinashika vizuri; ukifika penye lami tupu, kila hatua inapanda hadi kwenye muundi. Kila Januari kuna kijana anayeanza kujishika muundi akimaliza mazoezi, na ukimuuliza anasema hauumi.

Kipimajoto kikifika nyuzi 15 chini ya sifuri, nafuta mbio zote za kasi. Hewa kavu ya baridi ikivutwa kwa nguvu inachubua njia za pumzi, na kikohozi kinachoanza hapo kinaweza kukaa wiki nzima. Wapo wazazi wanaodhani kocha makini ni yule asiyefuta kitu.

Jumatano ndiyo siku yenyewe, mazoezi ya ramani usiku. Msimu huu jua la Stockholm linachomoza karibu saa tatu kasorobo asubuhi na kuzama karibu saa tisa alasiri. Mtoto akitoka shule kumeshaingia giza. Mchana naingia msituni peke yangu kuweka vituo. Ardhi imeganda, kijiti hakiingii, kwa hiyo kibendera nakifunga kwenye tawi. Naambatisha na ukanda unaong'aa ukimulikwa na taa. Ikifika jioni jalidi inauvaa ukanda huo na mng'ao unakufa. Mtoto anapita hatua kumi kando ya kituo na hakioni, kisha anadhani kosa ni lake.

Shida kubwa zaidi ni nyayo zangu. Nikitoka kituo cha kwanza kwenda cha pili, nimeacha mtaro kwenye theluji ambao kila mtu anauona. Mkimbiaji wa kwanza anaufuata, wa pili anaupanua, wa tano anakuta barabara. Kwa hiyo nalazimika kuzunguka. Naviingia vituo kwa upande wa nyuma, naacha nyayo zisizokwenda popote, na jioni naanzisha nusu ya vijana kwa mzunguko wa kinyume. Baada ya muda mfupi tu msitu wote una nyayo, na kila unyayo unamwambia mtoto kwamba mwenzake amepita hapa, basi naye apite.

Msichana mmoja wa miaka 15, msomaji hodari wakati wa kiangazi, alirudi usiku mmoja na muda mzuri kuliko wenzake wote. Nilimkalisha, nikampa ramani isiyo na alama yoyote na kumwomba achore alikopita. Kati ya kituo cha tatu na cha nne alikwama. Hakujua kama alikipita kinamasi kwa kulia au kwa kushoto. Kwa mita 400 alikuwa amekimbia kwenye mtaro wa wenzake. Hakumdanganya mtu, na saa yake iliandika kasi ya kweli. Ila kazi aliyokuja kuifanya msituni ilikuwa imeshafanywa na nyayo.

Vifaa navyo vinachoka. Betri ya taa ya kichwani ikipigwa na baridi inatoa umeme pungufu, kwa hiyo tunaivaa ndani ya koti, kifuani, waya ukipita shingoni. Kimiminika cha ndani ya dira kinasinyaa, kiputo cha hewa kinatokea, na kikiwa kikubwa mshale unayumba. Mfuko wa plastiki wa ramani unakuwa mgumu na kupasuka mahali pa kukunjia. Halafu kuna pumzi. Mkimbiaji anasimama kwenye kituo akihema, anainamia ramani, mvuke wa kinywani unaingia kwenye mwanga wa taa na mbele yake panakuwa peupe. Inabidi ageuze uso pembeni, apumue, kisha arudi kusoma. Mambo haya hakuna anayekuambia kabla hujaingia mwenyewe.

Glovu nazo. Tunawafundisha kuweka dole gumba kwenye ramani pale walipo na kulisogeza kadiri wanavyokwenda. Kwa skeli ya 1:10 000, sentimita moja ni mita 100. Kidole cha glovu nene kina upana wa sentimita tatu, kwa hiyo kimefunika mita 300 za msitu. Akivua glovu, baada ya muda vidole havihisi tena karatasi.

Na ramani yenyewe inakataa kufanana na ardhi. Jiwe la kimo cha mita moja lina nukta yake nyeusi kwenye ramani zetu. Ikitanda theluji ya nusu mita, mawe ya kimo hicho yanakuwa vivimbe tu, genge linageuka mteremko laini, na kinamasi na kiwanja cha wazi vinakuwa weupe ule ule. Hata kuhesabu hatua hakusaidii: aliyezoea hatua pacha (mbili zikihesabiwa moja) 40 kwa mita 100 sasa anapiga 50, na kesho theluji ikilowa atapiga zaidi. Kinachobaki ni kontua, mistari ya kahawia inayoonyesha mwinuko wa kila mita tano. Mkongwe anayezisoma vizuri hufaidika. Mwanafunzi ni jambo jingine. Yeye anahitaji jiwe alilolitazamia limtokee mbele, ndipo aiamini ramani. Likikosekana mara tatu mfululizo, anaacha kuitazama.

Alhamisi wanakimbia polepole au wanapumzika, na mimi nasoma madaftari yao ya mazoezi. Kilomita zipo, mapigo ya moyo yapo, saa za kulala zipo. Dakika za kusoma ramani hazipo, hata safu ya kuziandikia haipo. Ndugu zangu nyumbani huniuliza kwa nini tusifanye kama wanariadha wa Iten, kule Kenya. Mwanariadha wa Iten anakimbia barabara ya udongo anayoijua, na mashindano yake ni ya barabara au uwanja. Akimaliza miezi mitatu ya kazi ngumu, alichokijenga ndicho anachokwenda kukitumia. Vijana wangu wakimaliza miezi hiyo hiyo wamejenga nusu, na nusu nyingine imepungua.

Ijumaa ni mapumziko. Jumamosi tunaingia msituni na mwanga wa mchana, na macho yangu yote yako kwenye maziwa. Kwenye ramani ziwa ni la buluu na watoto wanajua kulizunguka. Januari ni uwanja mweupe ulionyooka, na ng'ambo kituo kinaonekana. Kanuni ya huku ni sentimita kumi za barafu ngumu, isiyo na mchanganyiko wa theluji, ndipo mtu mmoja apite kwa miguu. Lakini barafu ya ziwa moja haina unene mmoja. Penye matete ni dhaifu, kijito kinapoingia au kutoka ni dhaifu, na theluji ikiilalia huwezi kuona chochote. Kwa hiyo sipangi kamwe kituo ambacho njia yake fupi inakatiza ziwa. Niliwahi kumwona mvulana amesimama ukingoni, mguu mmoja tayari juu ya barafu, anapima ramani na ng'ambo. Niliita kwa sauti kubwa kuliko nilivyowahi kuita. Hakuwa mtundu. Alikuwa anafanya tulichomfundisha, kutafuta njia fupi.

Jumapili tunakimbia kwa muda mrefu barabarani, wote pamoja, maongezi yakiendelea. Kila mtu anarudi ameridhika, na ndiyo siku inayonitia wasiwasi, kwa sababu ni rahisi kuamini kwamba wiki imekuwa nzuri.

Hesabu inakuja mwisho wa Aprili au mwanzo wa Mei. Tiomila, mbio za kupokezana za usiku zilizoanza mwaka 1945, haziulizi ulikimbia kilomita ngapi Januari. Nimeona vijana wenye majira ya baridi bora kabisa katika daftari wakitoka kambini kwa kasi, wakakosa kituo cha kwanza, kisha wakaanza kutafuta taa za wengine wa kuwafuata. Kasi waliyoijenga iliwapeleka mbali zaidi mahali pasipo pao.

Vilabu vyenye uwezo vinapanda ndege Februari kwenda Ureno au Hispania, kwenye ardhi isiyo na theluji, na vijana wao wanarudi macho yamechangamka. Mtoto ambaye wazazi wake hawamudu kambi hiyo anabaki na barabara na nyayo. Wengine ni watoto wa jamaa zetu wazungumza Kiswahili walioletwa huku na kazi au vita. Wana miguu na wana moyo, na ifikapo Mei tunawaambia hawana akili ya ramani. Si kweli. Hawakupewa ardhi ya kuisomea.

Kwa hiyo kwa makocha wenzangu na wazazi nasema hivi. Jumatano isigeuzwe kuwa mbio za barabara kwa sababu theluji ni nyingi. Ikishindikana msituni, tuketi mezani na ramani za kiangazi, kila mmoja aeleze kwa mdomo angepita wapi na angeona nini njiani. Fedha za kambi ya Februari zichangwe na klabu nzima, aende na asiye nacho. Na kwenye daftari iongezwe safu moja ya dakika za ramani, ijazwe kila wiki kama zinavyojazwa kilomita. Kijana akiandika sifuri wiki tatu mfululizo, hilo ni jeraha, na tulishughulikie kama tunavyoshughulikia muundi unaouma.