Safari ya Bara Hindi Iliyomfunza Karani

Wahenga walinena, “Mgeni njoo, mwenyeji apone.” Lakini ziko safari ambazo mgeni ndiye apataye dawa.

Mwaka wa 1994 karani mmoja wa Nyeri, aliyestaafu baada ya kuitumikia Serikali miaka 32, alitoa sehemu ya kiinua mgongo chake, akafunga safari pamoja na mkewe kwenda kusini mwa Bara Hindi. Mwana wao alikuwa akisoma chuoni katika mji wa Mysore, na wazazi wa rafiki zake walikuwa wameleta salamu kwamba wageni hao wasilale hotelini, bali wapokewe majumbani. Ndivyo walivyosafiri, nyumba hata nyumba.

Huko Madurai, katika nchi ya Watamil, walimwona mama mwenye nyumba akitoka alfajiri, akifagia mbele ya mlango, kisha akichora maua juu ya ardhi kwa unga wa mchele. Waliandaliwa wali juu ya jani la mgomba, wakala kwa mkono wa kuume, viatu vyao wameviacha nje. Mambo hayo hayakuwapa taabu, kwani mtu aliyelelewa vema huitambua heshima hata kama lugha haijui.

Kutoka hapo walivuka milima kwa basi, wakapita mashamba ya chai na iliki, wakateremkia Alappuzha katika jimbo la Kerala. Mwenyeji wao alikuwa mkulima wa mpunga. Mashamba ya sehemu ile yako chini kuliko usawa wa bahari. Wakulima wamejenga kingo za udongo kuyazuia maji, nao huyatoa kwa pampu kabla ya kupanda. Mzee alizunguka kutwa akiuliza habari za kingo na pampu.

Mkewe aliangalia jambo jingine. Kila asubuhi mama mzazi wa mwenyeji, ajuza mwenye mvi, alivaa miwani, akaketi barazani, akasoma gazeti kwa sauti. Siku ya tatu mgeni alimwuliza amesoma shule gani. Maneno yalipita vinywa viwili: kijana wa nyumba aliyafasiri kwa Kiingereza, na mwana wao kwa Kikikuyu.

Ajuza alicheka. “Shule sikuiona. Nilijifunza hapa hapa barazani, nikiwa tayari na wajukuu.”

Akaeleza kuwa miaka michache nyuma watu wengi walijitolea bila mshahara, wakapita vijijini jioni kuwafundisha wakulima, wavuvi na wazee. Na tarehe 18 Aprili 1991 Kerala ikatangazwa kuwa jimbo ambalo watu wake wanajua kusoma. Mwalimu wake yeye alikuwa msichana wa jirani.

Usiku ule mke wa karani hakupata usingizi. Hatimaye alisema, “Mzee, umeandika barua za Serikali miaka 32. Barua za mwanangu wanisomea wewe. Nikitaka kumwambia neno, sharti lipite kwako. Katika miaka yote hiyo, hukupata jioni hata moja?”

Mzee alitafuta jibu. Angeweza kutaja kazi nyingi, au watoto, au shamba. Lakini kweli yenyewe ilikuwa kwamba alipendezwa kuombwa. Kila barua ilipofika, mkewe alipanguza mikono, akaketi mbele yake, akangoja. Naye alifungua bahasha polepole, kama hakimu. Hakupata kuwaza kuwa yule anayengoja aona uchungu. Na msichana mdogo wa Alappuzha, asiye na cheo wala mshahara, alikuwa amemfanyia jirani yake jambo ambalo yeye hakumfanyia mke wa ndoa.

Aliitikia neno moja tu: “Nimekosa.”

Waliporudi Nyeri alinunua daftari na kalamu ya risasi. Kila jioni, vyombo vikiisha kuoshwa, waliketi karibu na taa. Mara nyingine mwalimu alikasirika, na mwanafunzi akafunga daftari akaenda kulala. Lakini kesho yake walianza tena.

Mwaka uliofuata mama alimwandikia mwanawe barua ya mistari minne, herufi zikipanda na kushuka. Akaitia katika bahasha, akaifunga mwenyewe. Mzee aliipeleka posta, asijue iliyoandikwa ndani.